Ushauri: jeni ya BCL11A, tyubu zote mbili za PCR zatoa bendi

FundiPipeti
Salaam aleikum wanajamvi. Nina DNA ya wagonjwa wa selimundu hapa Mombasa. Nataka kujua nani ana G na nani ana T pale rs1427407 (namba ya mahali ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana kati ya watu), ndani ya BCL11A, kisha nilinganishe na HbF yao, yaani hemoglobini ya mtoto wa tumboni. Natumia tyubu mbili za PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwa kila mgonjwa: moja ina praima, yaani kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili, inayoishia na G, ya pili inayoishia na T, na praima ya nyuma ni ile ile. Mikrolita 25, mizunguko 38, joto la praima kushika 56. Kila sampuli yatoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) kotekote, yaani wote wawe GT, wenye G moja na T moja, na hilo haliwezekani. Tyubu ya maji nayo ina bendi hafifu.
La pili: tofauti hii iko kwenye introni, sehemu ya jeni isiyoandika protini, kwa hivyo protini haiguswi. Yagusaje HbF?

Kisauni_Lab
Aleikum salaam. Hayo ni maradhi mawili, usiyape dawa moja. Bendi kwenye maji ni uchafu. Bendi mbili kwa kila mtu ni praima kushindwa kuchagua. Enzaimu gani hiyo?

FundiPipeti
Ile ya usahihi wa juu, inayojisahihisha. Ndiyo iliyokuwamo frijini.

Kisauni_Lab
Basi mchawi ni huyo. Kazi hii yote imesimama juu ya herufi ya mwisho ya praima: ikikosa kulingana na DNA, enzaimu isiendelee. Enzaimu inayojisahihisha huitafuna herufi hiyo, huweka iliyo sawa, kisha husonga mbele kama kwamba hapakuwa na kitu. Tumia Taq ya kawaida, enzaimu ya PCR isiyojisahihisha, ikiwezekana ile isiyoamka mpaka ipate joto.
Hata kwa Taq, herufi moja mara nyingi haitoshi. Weka kosa la makusudi kwenye herufi ya tatu kutoka mwisho wa praima. Na si kosa lolote tu. Kwako, praima ya G ikikutana na aleli (toleo la jeni) ya T hupata G kwa A ya uzi wa pili wa DNA, na praima ya T ikikutana na aleli ya G hupata T kwa C. Hayo ni makosa makali, kwa hivyo la makusudi liwe laini: G kwa T, au C kwa A. Ukiweka kali juu ya kali, tyubu hazitatoa kitu hata kwa aleli iliyo sahihi.
Kisha punguza ukarimu. Mizunguko 30. DNA nanogramu 20 hadi 50 kwa tyubu. Praima ya aleli mikrolita 0.5 ya stoki ya mikromola 10. Jaribu joto la 58, 60, 62 na 64 kwa sampuli zile zile. Na kila tyubu iwe na jozi ya praima za jeni nyingine, bendi yake iwe ya urefu tofauti. Bila hiyo hutajua kama tyubu tupu ni aleli haipo au PCR imekufa.

BiMakupa
Kuhusu maji: feni. Joto la pwani latufanya tuache feni ikizunguka huku tyubu zi wazi, nayo yasambaza vumbi la PCR ya jana chumba kizima. Zima feni unapochanganya. Tyubu zilizokwisha PCR zisifunguliwe chumba hicho kabisa. Futa meza kwa jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, iliyochanganywa siku hiyo hiyo, iache dakika 10, kisha futa kwa maji safi. Maji na praima zigawe kwenye tyubu ndogo ndogo. Zile za zamani tupa, usizionee huruma. Stima ikikatika katikati ya mizunguko, anza upya na tyubu mpya.

DktDamu
Swali la pili, mwanangu. Protini ya BCL11A hushika DNA kwa vidole vyake vya zinki, kwenye herufi TGACCA karibu na nafasi ya -115, yaani herufi 115 kabla ya mwanzo wa jeni za gama-globini zinazotengeneza HbF, na kuzizima. Ndiyo sababu HbF hushuka baada ya kuzaliwa. Tofauti yako haigusi protini. Imo kwenye kichocheo (kipande cha DNA kinachoongeza kazi ya jeni) kilicho introni ya 2, kama kilobesi 62, yaani herufi 62,000, kutoka mwanzo wa jeni. T hulegeza ushikaji wa GATA1 na TAL1, protini zinazowasha jeni, pale; utengenezaji wa BCL11A hupungua kwenye chembe zinazokuwa nyekundu, na HbF hubaki juu kiasi. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hulenga kichocheo hicho hicho, ila kwenye +58, yaani kilobesi 58 kutoka mwanzo wa jeni. Jeni yenyewe haizimwi kote, kwa kuwa limfosaiti B na ubongo zaihitaji.
Sasa tahadhari. Wanaotumia haidroksiyurea wachambue kando, HbF yao imepandishwa na dawa. Aliyeongezwa damu ndani ya miezi 3 mwache nje. Watoto wa chini ya miaka 5 pia, HbF yao bado yashuka. Asilimia za HbF zibadilishe kuwa logariti kabla ya kulinganisha.

FundiPipeti
Shukrani sana. Kontroli, yaani sampuli za kulinganishia ambazo aina yake yajulikana, za GG, GT na TT nitazitoa wapi?

Kisauni_Lab
Kwenye sampuli zako mwenyewe. Tengeneza praima za kawaida zilizo nje ya eneo, bendi ya besi (herufi) 300 hadi 500, rs1427407 iwe katikati maana besi 50 za mwanzo za Sanger, njia ya kusoma DNA herufi kwa herufi, hazisomeki vizuri. Hapo ile enzaimu yako ya bei ghali yafaa. Soma sampuli hadi upate za aina zote tatu, anza na wenye HbF ya juu kabisa maana TT ndio adimu, kisha ziweke kwenye kila PCR.