Klachi ya feni ya 1HZ iliyochoka: irudishwe au inunuliwe nyingine?

Mwenye gari (Dar es Salaam):
Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita yenye cc 4164, na wiki iliyopita pampu ya maji ilianza kuvuja, nikaifungua mwenyewe ili niibadilishe. Nilipoiweka mezani klachi ya feni, yaani kile kifaa kilichofungwa kwenye pampu ya maji kinachoamua feni izungushwe na injini kwa nguvu kiasi gani, niliona kwamba mbele, kuzunguka ile springi bapa iliyojiviringa, kuna vumbi lililoshikana na mafuta, na nikiizungusha kwa mkono inakwenda laini mno. Kwenye barabara ya Morogoro gari halichemshi, lakini safari iliyopita ya Iringa geji ya joto ilipanda nikiwa Kitonga nyuma ya malori, kisha ikashuka yenyewe nilipofika juu na kuongeza mwendo. Fundi wangu anasema niirudishe kwa kuwa haijavunjika. Mwingine anataka tuifunge kwa bolti ili feni izunguke moja kwa moja na injini. Klachi mpya ni ghali, na za mtumba kwenye maduka ya vipuri pale Gerezani sijui zimetoka kwenye gari la namna gani. Niamue vipi?

Fundi wa dizeli (Mbeya):
Kwanza, mkuu, iinue hapo mezani uiweke wima kama inavyokaa kwenye gari, kwa sababu ikilazwa kifudifudi mafuta yaliyobaki ndani yanaweza kutokea mbele kwenye sili.

Maelezo yako ya Kitonga yanaelekeza kwenye klachi. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani hulipooza rejeta hata kama feni imelegea. Likipanda mlima polepole na mzigo, hewa yote inategemea feni. Kama geji ingepanda ukiwa kwenye mwendo mkubwa, ningekuambia uanze na rejeta au thamostati.

Ndani ya klachi hiyo kuna mafuta mazito ya silikoni. Springi ya mbele hupokea joto la hewa inayopita kwenye rejeta, ikajipinda na kufungua valvu, mafuta yakaingia kati ya mifereji ya sahani mbili, ndipo feni ikashikwa. Mafuta yakipungua, springi inaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa na feni isishike. Kwa hiyo kuzunguka laini peke yake si sababu ya kuitupa. Klachi za Toyota zilizofungwa kwa skrubu hufunguliwa, zikasafishwa na kujazwa upya. Mafuta yenyewe huuzwa katika vichupa vya mililita 18, kwa uzito (mnato) tofauti kama namba 3000, 6000 na 10000, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo feni inavyoshika kwa nguvu zaidi. Usithubutu kuweka oili ya injini humo. Zile zilizobanwa kiwandani bila skrubu hazifunguliki.

Kinachoamua ni beringi. Bana shafti kwenye jiriwa, itikise klachi huku na huku, kisha izungushe polepole sana ukisikiliza kwa vidole. Ikiwa imefungwa kwenye gari, ncha ya pangaboi ikicheza mbele na nyuma zaidi ya milimita 6 hivi, haifai tena.

Dereva wa safari (Arusha):
Kuhusu kuifunga kwa bolti, mimi niliwahi kufanya hivyo nikiwa porini na nilifika nyumbani salama, lakini nisingeiacha hivyo. Feni iliyofungwa hula nguvu ya injini wakati wote na kupiga kelele kama lori, na ukivuka mto wenye kina, maji huyavuta mapanga yakajipinda kuelekea rejeta. Pia usidanganyike na ule mngurumo wa asubuhi ukiwasha gari: dakika moja au mbili ni kawaida, kwa sababu mafuta yalijikusanya upande wa kazi usiku.

Mwenye gari:
Ahsanteni. Nimeibana kwenye jiriwa. Haichezi hata kidogo nikiitikisa, na skrubu zipo, kwa hiyo nilikuwa nimeshafurahi. Ila nikiizungusha polepole kuna mahali pamoja, kila mzunguko, ambapo nahisi kama mchanga. Je, mafuta mapya hayawezi kuisaidia?

Fundi wa dizeli (Mbeya):
Hayawezi, ndugu yangu. Mafuta ya silikoni si ya kulainisha beringi, na huo mkwaruzo ni njia ya gololi iliyokwisha kulika; leo haichezi, baada ya miezi kadhaa itacheza. Hapo uzito wa feni utaning'inia kwenye pampu yako mpya, na huenda ndivyo ile ya zamani ilivyoanza kuvuja. Kama ungeniambia inazunguka laini bila mkwaruzo, ningekwambia ununue vichupa viwili uendelee na safari zako. Ukipata ya mtumba, ifanyie vipimo hivihivi palepale dukani kabla ya kutoa pesa.

Mwenye gari:
Nimeelewa. Gari litasubiri mpaka nipate nyingine, na Jumamosi nitakwenda Gerezani kuzungusha klachi za watu.