Naomba ushauri: utafiti wa simu kuhusu chikungunya Lamu, kila mtu ananijibu "ndiyo"

BintiLangoni

Assalam alaikum, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mwanafunzi wa afya ya jamii, mwaka wa mwisho, mzaliwa wa Amu, yaani mji wa Lamu. Utafiti wangu ni kupima watu wa kaunti ya Lamu wanajua nini kuhusu chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu: inaenea vipi, dalili zake, na mtu afanye nini nyumbani kwake. Nimeichagua kwa sababu ilitupiga hapa hapa mwaka 2004, nami nilitaka kujua kama tumeshasahau.

Nia yangu ilikuwa kwenda nyumba kwa nyumba, Amu, Faza, Mpeketoni, hadi Kiunga. Nilipopiga hesabu ya boti, bodaboda na pa kulala nikafunga daftari. Msimamizi wangu akasema, basi piga simu.

Wiki iliyopita nikajaribu namba 30, nyingi nilipewa na jamaa na marafiki. Kumi na moja hazikupokelewa au hazikupatikana. Sita walikata niliposema tu neno "utafiti", na mmoja wao alinitukana kwanza, akidhani ni mimi niliyemwambia juzi kwamba ameshinda zawadi. Wale 13 waliobaki tukazungumza. "Je, umewahi kusikia kuhusu chikungunya?" Kumi na wawili: ndiyo. "Je, unajua kwamba inaenezwa na mbu?" Ndiyo. "Je, huwa unafunika mapipa ya maji?" Ndiyo, ndiyo. Nikafurahi sana, hadi mama mmoja wa Shela, baada ya kunipa ndiyo zote, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hiyo chikungunya ndiyo nini?"

Naomba mnisaidie. Namba nizitoe wapi? Nina jamaa kwenye zahanati moja, ana daftari la namba za wagonjwa na yuko tayari kunipa. Watu wangapi wanatosha? Na hizi "ndiyo" nizifanyeje? Kredo ninayo ya mwezi mmoja tu.

Mkaanga_Data

Dada, daftari la zahanati liache lilipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba aliyoitoa mtu ili atibiwe haigeuki kuwa yako kwa sababu jamaa yako ana ufunguo wa kabati. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, umeshapata? Na hata sheria isingekuwapo, mtu wa daftari lile ameshakaa kwenye benchi saa nzima akisoma mabango ya ukutani. Atajua kuliko jirani yake asiyekwenda zahanati, nawe utaandika kwamba Lamu yote inajua.

Kubahatisha namba kwa kompyuta, kama wafanyavyo kwenye tafiti za nchi nzima, hakutakufaa. Namba za simu za mkononi kwetu hazionyeshi mwenyewe yuko wapi. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wakenya 47,564,296, na Lamu watu 143,920. Gawanya: mtu mmoja katika kila 330. Utawapigia watu wa Kisumu na Meru hadi kredo iishe kabla hujapata mtu wa Witu.

Kuhusu idadi, utaambiwa 385. Hiyo ni ya makosa ya asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, na inachukulia kwamba kila mtu ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Wewe umepiga namba za jamaa zako. Ukizifikisha 2,000 bado ni jamaa zako.

Kisimani

Kwani lazima simu? Mwaka 2004 wataalamu walifika Amu wakapita nyumba kwa nyumba wakachukua damu, ikaonekana kama robo tatu ya watu wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Damu haikwambii ndiyo ili ukate simu haraka. Kwa maoni yangu utafiti wa simu unapima nani ana chaji na nani ana adabu. Nimemaliza.

Mkaanga_Data

@Kisimani damu inakuambia nani aliugua. Haikuambii kama anajua kwa nini aliugua, hilo mpaka umuulize. CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, inapiga simu kuuliza mambo ya afya tangu 1984, nao pia walikuwa na shimo lao: hadi 2011 ndipo simu za mkononi zilipoingizwa kikamilifu, kabla ya hapo ilikuwa simu za nyumbani. Hata kwetu, corona ilipofunga njia mwaka 2020, Benki ya Dunia na KNBS, shirika letu la takwimu, walihoji kwa simu, na sehemu ya namba zao ilikuwa ya watu waliowahi kuhojiwa ana kwa ana kabla. Ubaya ni kupiga simu halafu ukajifanya umewafikia wote.

MtepeMkuukuu

Mwanangu, nalikuwapo mwaka ule. Nalishindwa kufunga vifungo vya kanzu, vidole vimevimba kama ndizi. Ukipita Langoni unaona wanaume wazima wamepinda kama wanatafuta sindano iliyoanguka. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kupinda, lilitoka kule Newala kwenye mlipuko wa 1952. Lakini hapa Amu si wote waliolishika hilo jina. Ukiniuliza "chikungunya" huenda nisijue unasema nini, ukiniuliza "ile homa ya viungo ya mwaka wa ukame" nitakusimulia mpaka kredo yako iishe. Kwa hiyo kuna mtu anayejua ugonjwa asijue jina, na wewe mwenye karatasi utamwandika hajui.

Halafu muulize habari ya birika, lile hodhi la maji. Zamani birika la chooni na la msikitini tukitia samaki wadogo, wanakula viluwiluwi vya mbu, mai yanakaa safi. Aliyefanya hivyo alikuwa anajua kitu, hata kama hajui mbu anaitwaje. Siku hizi watu wana mapipa na mitungi ya plastiki na tangi juu ya dari. Samaki hawamo.

BintiLangoni

Ami, hili la jina sikuliwaza kabisa. Shukran. Na mama wa Shela nitampigia tena nimuulize hivyo hivyo.

NesiMpeketoni

Mimi niko bara, upande wa Mpeketoni. Huku wengi nyumbani wanazungumza Kikuyu, Kiswahili ni cha sokoni. Faza na Kizingitini ni Kitikuu. Waboni wa Basuba wana chao, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Usiandike "amekataa" kwa mtu ambaye simu haikuingia. Tenga safu: haipatikani, imeita haikupokelewa, amekataa, amekata katikati, si mkazi wa Lamu. Mwisho ukikuta "haipatikani" zimejaa upande mmoja wa kaunti, hayo nayo ni matokeo, yaandike.

Pia angalia saa. Mtu akikujibu "mbu anauma saa moja", ni ya asubuhi au ya jioni? Mbu wa chikungunya, Aedes, huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, na huzaliana kwenye maji tuliyoyahifadhi majumbani. Hapo ndipo utawatenga wanaoijua na wanaoichanganya na malaria. Anayechanganya atakuambia dawa ni neti ya usiku.

Shangazi_Mkomani

Hakuna aliyesema la wanawake, nalisema mimi. Simu ya nyumba nyingi ni ya mume, au ya mke lakini anapokea mume. Sauti ya kiume isiyojulikana ikimtaka mke wa mtu, utafiti umekwisha hapo. Piga wewe mwenyewe, jitambulishe kwa ukoo na mtaa, mume akipokea mweleze yeye kwanza, halafu omba kuzungumza na mkewe. Wala usipige kati ya Maghrib na Isha, wala Ijumaa mchana. Baada ya Alasiri ni sawa. Anayehifadhi maji nyumbani ni nani kama si mwanamke? Ukihoji wanaume watupu utapata maoni kuhusu mapipa ambayo hawajawahi kuyafunika.

MtepeMkuukuu

Na mvuvi hufuata maji, hafuati saa za ofisi. Msimu wa kusi bahari imechafuka, utampata nyumbani. Kaskazi mpigie mara tatu, siku tofauti, kabla hujamfuta.

Mkaanga_Data

Hizo mara tatu ziwe kwa kila namba, si ya mvuvi tu. Wanaopokea mara ya kwanza ni watu wenye nafasi, na mwenye nafasi si sawa na asiye nayo.

Sasa swali la namba. Nenda kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na simu mwaka 2023, kwa kibali cha ofisi ya afya ya kaunti. Usiombe orodha yao. Waombe wapite wawaulize watu, "Kuna mwanafunzi anataka kukupigia, unakubali?" na walete namba za waliokubali tu. Wala usiwaachie wachague nyumba, watakupeleka kwa marafiki zao. Wape kanuni, mathalan kila nyumba ya kumi. Wasio na simu waandikwe idadi.

Halafu, kwa sababu uko Amu na nauli huna, tembea nyumba 40 za mtaani kwako kwa maswali yale yale, wenye simu na wasio nayo. Ukilinganisha utajua simu inakupotosha kwa kiasi gani. Gharama yake ni ndara.

Za "ndiyo": ondoa kila swali linaloanza na "je, unajua kwamba". Hilo ni somo, umeshampa jibu. Sema "kwa unavyojua wewe, mtu huupataje?" kisha nyamaza. Usimsomee majibu. Ukimya kwenye simu unauma, vumilia, hesabu hadi tano. Na chomeka ugonjwa mmoja wa uongo katikati, jina la kubuni, uone wangapi watakuambia wameusikia. Hao, "ndiyo" zao zote zina walakini. Ila mwisho wa simu mwambie kwamba ugonjwa huo haupo.

Kisimani

Hizo nyumba 40 ndizo utafiti. Simu ni kiambatisho.

BintiLangoni

Nimerudi baada ya siku tisa. Kibali cha kamati nilikuwa nacho, leseni nimeomba. Daftari la zahanati nimelikataa, jamaa amenuna kidogo.

Nimejaribu maswali mapya kwa watu 20 wa Amu waliokubali kupitia mhamasishaji wetu. Kumi na wanne tumemaliza. Nilipouliza kwa jina la chikungunya, watano walikuwa na la kusema. Nilipouliza "ile homa ya viungo ya mwaka wa ukame", tisa. Waliotaja mbu bila kusaidiwa ni wanne, na aliyesema mbu wa mchana ni mmoja, naye ni mzee wa miaka 70 aliyenipa habari za samaki wa birika kama alivyosema Ami. Mama wa Shela, alhamdulillahi, alikuwa anaujua ugonjwa vizuri sana. Aliuugua.

Ugonjwa wa uongo niliuita "kirangasi". Watatu wamesema wameusikia, mmoja akaongeza kwamba unaanzia miguuni.

Shangazi_Mkomani

Kumbe ni wewe! Huku Mkomani tangu yana wanawake wanaulizana kirangasi kinatibiwa na nini. Jirani yangu ameshachemsha mwarobaini.

Mkaanga_Data

Niliandika: mwisho wa simu mwambie haupo.

BintiLangoni

Niliwaambia! Wawili walikata kabla sijamaliza. Mmoja nimempata sasa hivi, amecheka sana. Wa pili hapatikani.

Shangazi_Mkomani

Wa pili ndiye jirani yangu. Simu yake haina chaji, naenda kumwambia mwenyewe.