Ukuta umetiwa dawa: nipime kwa selotepu, kwa kuchimba au kwa tyubu ya maji?

Mwana_wa_Baraza
Assalaam alaikum wadau. Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wa mbele ulikuwa unatoa unga, ukiupitisha kiganja kinarudi cheupe. Fundi ameshaupaka dawa ya kuimarisha na anataka malipo ya mwisho wiki hii. Kabla sijalipa nataka nijue kama uso umeshikana kweli. Nimetajiwa selotepu, mashine ya kuchimba na tyubu ya maji. Ipi bora?

Kikwangua
Waalaikum salaam. Dawa gani? Maji ya chokaa, chokaa nano (chembe ndogo mno za chokaa ndani ya spiriti) au silikati (dawa ya maji inayoacha silika ukutani)? Imepakwa lini? Unapima jiwe la matumbawe au lipu? Silikati peke yake inataka wiki tatu, nne hivi ndipo ishike. Ukipima kabla ya hapo unapima kitu kibichi.

Binti_Chokaa
Selotepu, bila wasiwasi. Kata vipande vya urefu mmoja, pima uzito, bandika, kandamiza kwa nguvu ileile, bandua, pima tena. Ila usibandue mara moja ukaridhika. Rudia palepale hata mara 10. Mibanduo ya mwanzo inazoa vumbi lililolala juu tu, kisha uzito unashuka hadi unatulia. Watafiti kina Miloš Drdácký wa Ucheki walilieleza hili vizuri mwaka 2012.

Pwani_Kuu
Dada, selotepu iliniliza mimi. Nyumba ya ami yangu, Lamu. Mkandarasi alituonyesha selotepu mbili: ya kabla imejaa unga, ya baada safi kabisa. Tukafurahi, tukalipa. Baadaye nikagundua zote mbili zilibanduliwa mahali pamoja. Ya kwanza ilikwisha zoa vumbi, kwa hiyo ya pili ingekuwa nyepesi hata kama ukuta haukupakwa kitu! Tena ilikuwa masika, ukuta mbichi, gundi haishiki sawasawa. Kaskazi ilipoingia, uso ukaanza kufura, ukabanduka mapande mapande unene wa kidole, nyuma yake unga mtupu. Dawa iliishia juu. Selotepu inaona ngozi, nyama haiioni. Ami alikuwa amenikabidhi kazi ile mimi, na hadi leo linaniuma.

Kikwangua
Pole sana. Ndiyo maana mimi nasema kuchimba. Mashine inapima nguvu inayotumika kila sehemu ya milimita, unajua dawa imeingia kina gani. Tundu lenyewe lina upana wa milimita 5 tu.

Binti_Chokaa
Kwenye matumbawe? Jiwe limejaa mashimo na makombe, grafu itapanda na kushuka bila maana. Na mchanga wa lipu unalika ncha ya keekee. Hiyo ni ya mawe yaliyo sawasawa. Tyubu nayo haipimi kushikana, inapima ukuta unavyokunywa maji. Inafaa kujua kama dawa imeziba pumzi ya ukuta.

Mzee_wa_Tanuu
Wanangu, dawa hizi za chupa za nini? Wazee walinyunyizia maji ya chokaa na kuta zikasimama.

Kikwangua
Shikamoo mzee. Lita moja ya maji ya chokaa haibebi hata gramu 2 za chokaa. Utanyunyizia mara ngapi, na maji yote hayo yataamsha chumvi iliyomo ukutani.

Mzee_wa_Tanuu
Marahaba. Chumvi imeletwa na saruji mliyopiga chini ya kuta, unyevu ukakosa pa kutokea. Lianzieni hilo.

Mwana_wa_Baraza
Samahani kwa kuchelewa. Dawa ilinuka spiriti, fundi anaiita chokaa nano. Imepakwa siku 9 zilizopita, juu ya lipu. Kabla ya hapo hatukupima chochote. Nyuma ya mlango kuna kipande hakikupakwa.

Binti_Chokaa
Kipande hicho ni mali, kisiguswe! Linganisha hicho na uliopakwa, sehemu kadhaa kila upande, pakiwa pakavu. Siku 9 bado mapema, chokaa inataka hewa na unyevu igeuke jiwe.

Pwani_Kuu
Na ugonge kwa kifundo cha kidole. Pakilia mvungu, yaani lipu imeachana na ukuta kwa ndani, selotepu haitakusaidia.

Mwana_wa_Baraza
Nimegonga sasa hivi. Karibu na dirisha panalia mvungu. Mizani ya sonara inasoma hadi gramu 0.01, itatosha?

Binti_Chokaa
Haitoshi, tafuta ya maabara, inayofika 0.0001.

Kikwangua
Akitumia selotepu pana huenda ikatosha. Hapo dirishani lakini, palikuwa panalia hivyo kabla ya dawa?