Chumba cha hadubini cha chuo hapa Kigoma: tunalipa kwa saa, lenzi zinaharibika tunaona

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimenyamaza tangu mwaka jana nikihofia shahada yangu. Leo uzalendo umenishinda.

Nasoma uzamili, kazi yangu ni umri wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kila dagaa ana vijiwe ndani ya sikio, vidogo kuliko punje ya mchele, na kwa kila siku anayoishi kijiwe kinaongeza pete moja. Unakisugua kwa msasa laini pande zote mbili mpaka mwanga upenye, unakigandisha kwenye slaidi, unahesabu. Ziwa lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024, watu wa Kibirizi walijifunga mikanda, na kila nikishuka mwaloni kuchukua sampuli wananiuliza swali lilelile: mdogo wetu, dagaa walikua au hawakukua? Jibu limo kwenye hizo pete. Zimebanana sana. Lenzi ikiwa chafu, unahesabu ukungu.

Juzi nilikuwa na saa tatu, elfu kumi na tano kila saa, risiti ninayo. Naweka slaidi, nazungusha lenzi ya 40, yaani inayokuza mara 40, naona ukungu mweupe kama maziwa. Nikadhani kosa ni langu, nikabadili slaidi. Maziwa yaleyale. Nikaifungua lenzi nikaipeleka dirishani: mafuta yamekaukia kwenye kioo, yamekuwa ya njano kama gundi, vumbi limenasa humo.

Kwa msiojua, lenzi ya mafuta ni ile ya 100, unadondosha tone la mafuta kwenye slaidi ndipo unaitumia. Ya 40 ni kavu, na inapita juu ya slaidi kwa nafasi isiyofika milimita moja. Mtu akimaliza na 100, akarudisha 40 bila kufuta slaidi, ameshaichovya. Kufuta ni dakika moja tu kwa karatasi ya lenzi. Nikafungua droo: karatasi ya lenzi hakuna, kuna karatasi ya chooni. Hiyo inakwaruza kioo, wakuu! Nani aliiweka pale?

Namuuliza msimamizi, ananijibu, "Vumilia mdogo wangu, bajeti haijatoka." Bajeti ipi? Daftari la zamu liko mezani, limejaa majina kila siku, na hakuna anayeingia bila kulipa. Pesa yetu wenyewe imeshindwa kununua pakiti moja ya karatasi?

Na hilo daftari halina maana. Mwezi uliopita walikuja wageni wa mradi, jina langu likakatwa kwa kalamu nyekundu, wakapewa siku nne mfululizo. Sina ugomvi na wageni, wao hawakujua. Ugomvi wangu ni na aliyeshika kalamu. Hakunipigia hata simu, na pesa yangu hadi leo haijarudi.

Kuna dada anachunguza vimelea kwenye konokono wa kichocho, yeye anatumia taa ya zebaki, ile taa kali ya hadubini yenye mvuke wa zebaki ndani. Taa za namna hiyo kwa kawaida maisha yake ni kama saa 200, na ukizima unasubiri ipoe kama nusu saa ndipo uwashe tena. Pale inawashwa na kuzimwa kama balbu ya sebuleni, na saa zake hakuna anayeandika. Taa ya zebaki iliyozeeka inaweza kupasuka. Mvuke wake atauvuta nani? Dada wa watu, peke yake, dirisha limefungwa ili kuwe giza.

Msiniambie niende Dar. Kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na slaidi zangu ni vioo. Ziwa liko hapa, dagaa wako hapa, hadubini ipo hapa na tumeilipia.

Mwenye kujua ngazi ya juu ya kupeleka hili anielekeze, nitaandika barua kwa jina langu kamili. Jumatatu saa 2 asubuhi nina zamu. Nakuja na karatasi yangu ya lenzi, na ukurasa wa daftari nitaupiga picha kabla sijakaa.