Mrejesho: picha za vikatuni vya Juha Kalulu

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kupiga picha vikatuni vya magazeti ya zamani bila maandishi ya upande wa pili kujitokeza. Ile mbinu ya kuweka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa imekubali! Nilikaa dirishani, flashi nikaizima, na Juha Kalulu, yule mhusika wa vikatuni wa mchoraji Edward Gitau katika Taifa Leo, gazeti la Kenya, akatoka safi, hadi doa la chai la marehemu baba linaonekana. Enzi zetu gazeti hilo lilitufikia Busia, upande wa Uganda, mara nyingi likiwa limefungia mandazi. Picha nimezituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi wa Jinja, asiyejibu hata salamu, katuma vicheko mfululizo. Sasa wananidai mwendelezo, na kurasa nyingine zililiwa na mchwa. Mwenye nazo anirushie.