Projekta mmeshusha, athi iko wapi? Vifaa vya TEHAMA vinakufa kwenye shule za huku Dodoma vijijini

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu ni wa lawama, anayetafuta pongezi apite kushoto. Vifaa vya TEHAMA vilivyogawiwa shule za halmashauri yetu vimeanza kufa hata risiti hazijafifia. Kila kimoja kikizima, jibu la ofisini ni lile lile: walimu hawajui kutumia. Acheni kusingizia watu. Mwalimu kakosa nini kwenye soketi isiyo na athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini?

Tuanze na hiyo athi, maana ndiko hela ilikoungulia. Chukueni malitimita (kipimo cha umeme), iwekeni kwenye volti za AC, mpime soketi ya darasa lolote lililofungwa kwa mradi huu. Layini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi) isome 230 au jirani yake. Layini na athi isome karibu hivyo hivyo. Nyutro na athi isizidi volti mbili tatu. Sasa mkikuta layini na athi inasoma 90, mara 120, mara inashuka tena, jueni waya wa kijani upo ukutani kwa ajili ya kupigwa picha tu. Fukueni nje mtaona: fito moja ya chuma ya futi nne, ya kupigiliwa ardhini, upande wa ukuta unaopigwa na jua, na pengine imekatwa nusu kwa sababu fundi alikutana na jiwe akachoka. Udongo wa huku kuanzia Juni hadi Novemba ni mkavu kama unga wa uwele, hausafirishi umeme. Ile ekstensheni yenye kinga ya radi iliyonunuliwa kwa mbwembwe kazi yake ni kumwaga umeme uliozidi ardhini. Ardhi isipopokea, kinga yake inapungua sana, inakaribia kuwa ekstensheni ya kawaida yenye kitaa chekundu. Radi za mwanzo wa mvua zikija, Novemba au Disemba, ruta hutangulia, projekta inafuata.

Na dawa yake si ghali kiasi cha kukimbiwa. Fito tatu, ziachane kama mita mbili na nusu, ziunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, kwa klampu, siyo kwa kusokota na koleo. Mashimo yajazwe mkaa na chumvi, na yawe pale maji ya kunawia wanafunzi yanapomwagika ili pabaki na unyevu. Chumvi huoshwa na mvua na hula chuma, kwa hiyo panakaguliwa kila mwaka. Kisha ipimwe kwa mita ya athi, namba iandikwe kwenye hati ya makabidhiano. Hiyo namba haipo kwenye hati hata moja tuliyoiona.

Suala la pili ni volti. Transfoma moja inalisha shule, zahanati na mashine ya kusaga. Mashine ikianza, umeme unadondoka hadi 180 na kitu, ikizimwa unapaa. Mzabuni kaleta friji gadi (kile kifaa cha kulinda friji), ambayo inakata tu na kukuacha gizani dakika kadhaa. Kinachotakiwa ni stabiliza, kifaa cha kutuliza volti, ya VA 1000. Halafu kuna hizi UPS (betri za akiba umeme ukikatika) za VA 650 ambazo wameziandika kana kwamba ni jenereta. Hesabu ya darasa la sita: betri ya volti 12, Ah 7, ni Wh (wati kwa saa) 84. Projekta ya taa inakula wati 300, kompyuta ya mezani 100. Hizo 400 zingemaliza betri kabla ya robo saa, tena zinapita uwezo wa UPS yenyewe, ambao kwa saizi hiyo kwa kawaida haufiki wati 400. Itapiga kelele na kukata, na projekta ya taa ikikatwa ghafla feni inasimama balbu ikiwa bado ya moto. Balbu iliyoandikiwa saa 4,000 inapasuka mapema, kisha mkaguzi anauliza nani kaivunja. (Shule moja wamechomeka printa ya leza, inayovuta umeme mwingi, kwenye UPS hiyo hiyo. Aliyewafunga hivyo ana cheti.)

Joto je? Madarasa ni bati tupu, hayana silingi, na projekta zimening'inizwa nusu mita chini ya bati. Nyingi zimeandikwa mwisho nyuzi 35 au 40. Oktoba saa nane mchana hapo juu panapita hiyo. Ongeza vumbi: kichujio kinaziba kwa wiki mbili, nacho kinasafishwa kwa brashi laini, si kwa kupuliza kwa mdomo. Na kuifunika kitenge ikiwa bado ya moto ni kuipika.

Vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vina kesi yao. Kwa leo jambo moja tu: zimeni masasisho ya kiotomatiki. Vishikwambi 20 vikivuta sasisho la GB 1.5 kila kimoja, GB 30 za bando la shule zimekwenda usiku mmoja na hakuna aliyefungua somo. Kompyuta moja yenye Kolibri (programu ya masomo isiyohitaji intaneti) na ruta isiyo na laini ya simu inatosha kulisha chumba kizima bila bando.

Nywila za ruta nazo ziandikwe kwenye leja, maana aliyezijua keshapata uhamisho.

Tunachodai: asilimia ya mwisho ya mzabuni isilipwe mpaka soketi zipimwe mbele ya mwalimu wa TEHAMA wa shule husika, na awamu ya pili isitangazwe kwa BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mradi) iliyonakiliwa kutoka ofisi ya mjini yenye kiyoyozi. Mwenye nakala ya hiyo BOQ aiweke hapa tuikague mstari kwa mstari kabla mvua hazijaanza.