Ile dawa ya mifupa ya mama
Kikundi: Ukoo wa Barabara ya 12, Tanga. Jumatano.

Mwanahawa: Asalaam aleikum. Mama anafanyiwa operesheni ya goti Jumatatu saa mbili asubuhi. Nani ana magongo ya kutembelea?

Shangazi Rehema: Waaleikum salaam. Ya marehemu mzee yapo kwangu, yameshika kutu kidogo tu.

Idrisa: Dada Hawa, nipigie picha dawa zote anazokunywa mama mkubwa. Hata za kwenye mkoba.

Mwanahawa: 📷 Ya presha na ya mifupa. Hospitali nimeshawaambia, wakaandika "dawa ya mifupa".

Idrisa: Hiyo ndiyo Salma alimletea toka Maskati? Naona raloksifeni, miligramu 60. Hii inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na mtu akilala kitandani baada ya operesheni hatari inazidi. Maelekezo yake yanataka iachwe angalau saa 72 kabla. Yaani cha mwisho ni cha kesho. Lakini mpigie daktari leoleo, usimwachishe kwa maneno yangu.

Ba'mdogo Shabani: Sasa mifupa si itakatika jamani? Na ndo anaenda kupasuliwa!

Idrisa: Siku chache hazivunji mfupa, ba'mdogo. Bonge la damu likipanda kwenye mapafu linaweza kuua siku hiyohiyo.

Shangazi Rehema: Na mimi niache ya kwangu? Ile ya kila Jumapili, nainywa na maji kabla sijala kitu, halafu nakaa wima nusu saa kama bibi harusi.

Idrisa: 😂 Shikamoo shangazi. Hiyo ni alendronati, haimo kwenye haya ya damu kuganda. Usiache. Ndo ubaya wa kuandika "dawa ya mifupa", zote mbili si za mifupa?

Mwanahawa: Nimempata daktari. Alidhani ni ile ya kila wiki! Kasema hata cha kesho asinywe, na asirudie mpaka atembee vizuri mwenyewe. Atachomwa sindano tumboni za kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba, kifua kikichoma au pumzi ikikata ghafla, tukimbie naye usiku huohuo.

Mama: Nawasoma tu. Sindano ya tumboni nani kaiomba? Wewe Idrisa, na pilau yangu ulikula Idi.

Idrisa: Shikamoo mama mkubwa 🙏

Mama: Marahaba. Rehema, hayo magongo yapige msasa kwanza.